PCR inasema bilioni, mayai yanasema milioni tatu: nani mkweli?

Swali la msomaji:

"Shikamoo dokta. Mimi nasoma shahada ya pili, kazi yangu ni chanjo ya mdondo (kideri) ya I-2. Nilichukua vichupa viwili vya bechi moja, kimoja kimekaa friji muda wote, kingine kimekaa miezi kwenye kabati la duka la pembejeo bila friji. PCR imenipa log 9.3 kwa mililita kwa kile cha friji na log 9.1 kwa cha dukani. HA zote mbili 1:128. Ila kwenye mayai cha friji kimetoa log 8.3 na cha dukani log 6.5 kwa mililita. Msimamizi wangu anasema mashine haidanganyi, shida itakuwa mayai, na kwamba hata hiyo 6.5 inatosha kwa sababu kiwango kinachotakiwa ni log 6. Nani mkweli hapa? Na hivi ndo sababu watu wa korona walikuwa wanapima positivu wiki na wiki wakati wameshapona kabisa?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kupima kwa njia tatu (PCR inahesabu kopi za RNA, yaani uzi wa urithi wa kirusi, HA inaangalia kama virusi vinagandisha damu, na mayai yanaonyesha kama vinaambukiza; log ni nguvu ya kumi, log 6 ni milioni moja, log 9 ni bilioni moja), maana wengi wanaishia kwenye PCR kwa sababu mayai ni usumbufu, yanaoza, yananuka, na umeme ukikatika usiku inkubeta ikapoa ndo kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Jibu la haraka: vipimo vyote vitatu vinasema kweli ila kila kimoja kimejibu swali lake. Na msimamizi wako kwenye lile la "6.5 inatosha" hapana, amepotea, nitakuonyesha kwa hesabu, na wewe umwonyeshe kwa adabu maana ndo atakayekusainia.

Tuanze na PCR kwa kuwa ndo inayoaminiwa kuliko zote siku hizi. Mashine haidanganyi, sawa, lakini inajibu ulichoiuliza tu. Kirusi cha mdondo kimebeba uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama 15,000. Praima zako, vile vipande vifupi vinavyoionyesha mashine pa kusoma, zinashika kipande cha herufi mia na kitu. Yaani mashine inasoma sehemu isiyofika hata asilimia 1 ya uzi wote, ikiikuta inahesabu moja, basi. Uzi ukiwa umekatika sehemu nyingine yoyote huko kwenye herufi elfu kumi na nne na ushee zilizobaki, mashine haina namna ya kujua. Na haijui pia kama huo uzi uko ndani ya kirusi kizima, ndani ya ganda lililopasuka, au unaelea tu kwenye maji.

Sasa fikiria kirusi hicho kinahitaji nini ili kiambukize kweli. Kinahitaji utando wake wa nje uwe mzima, protini ya HN iweze kushika seli, protini ya F iweze kuunganisha utando wa kirusi na wa seli ili mzigo uingie, uzi wa RNA uwe kamili mwanzo mpaka mwisho, na juu ya hayo yote lazima kije na kimeng'enya chake cha kunakili RNA, kwa sababu RNA ya kundi hili la virusi imeandikwa kinyume na seli haiwezi kuisoma moja kwa moja. Hii ya mwisho watu wanaisahau sana. RNA ya polio ukiiingiza peke yake ndani ya seli inaanza kazi, inasomwa na virusi vinazalishwa. RNA ya mdondo ikiwa uchi haifanyi chochote hata uimimine kwa ndoo. Lakini kwa PCR zote mbili ni kopi, zinahesabiwa sawasawa.

Na joto linaanza kuharibu wapi? Utando na zile protini za juu ndo zinatangulia. RNA yenyewe imefungwa vizuri ndani na protini zake, inaweza kudumu muda mrefu baada ya kirusi kufa. Kwa hiyo namba zako zimekaa vilevile ningezitarajia: PCR imetoka 9.3 hadi 9.1, tofauti ambayo hata pipeti inaweza kuileta, wakati mayai yametoka 8.3 hadi 6.5, log 1.8, maana yake kati ya kila chembe 63 zilizokuwa na uwezo wa kuambukiza imebaki moja. Kabati la duka limeua asilimia 98 na ushee ya chanjo na PCR haijashtuka.

HA nayo haikusaidii hapa. Kile kipimo alichokigundua George Hirst mwaka 1941 kwa virusi vya mafua, kwamba vinagandisha chembe nyekundu za damu ya kuku, ni kizuri kwa kujua kama kirusi kipo au hakipo, na ni cha bei rahisi ajabu, unahitaji kuku mmoja mvumilivu na sahani ya vishimo. Ila kinapima kama kuna HN ya kutosha kushikanisha chembe nyekundu, na ili kishike kinahitaji mamilioni ya chembe za virusi. Pia kinakwenda kwa kuzidisha mara mbili mbili kwa hiyo hakioni tofauti ndogo. Na cha msingi zaidi, kirusi mfu kinagandisha damu vizuri tu. Chukua chanjo zile zilizouliwa kwa makusudi, za sindano, ambazo zikiwa na hata kirusi kimoja kizima bechi inatupwa, zina HA nzuri kabisa. Kwa hiyo 1:128 yako kwa vichupa vyote viwili haipingani na mayai hata kidogo.

Mayai sasa. Ukiingiza 0.1 ml kwenye yai lenye kiinitete cha siku 9 hadi 11, ukalirudisha kwenye inkubeta siku nne, ukavuna maji ya alantoisi (kifuko cha maji kilichoko pembeni ya kiinitete) ukakuta yanagandisha damu, hapo umepata ushahidi ambao PCR haikupi: kuna angalau kirusi kimoja kilichoingia kwenye seli, kikazaa, na watoto wake wakazaa mpaka wakawa mamilioni. Hicho ndo kipimo cha kuambukiza. Huhesabu chembe, unahesabu mafanikio.

Namba inapatikanaje? Unazimua mara kumi kumi mpaka ufike mahali mayai mengine yanaambukizwa na mengine yanapona, na penye nusu kwa nusu ndo EID50 yako, kipimo kinachotosha kuambukiza nusu ya mayai. Hukuniandikia majedwali yako, tuseme kile cha dukani kilitoka hivi, mayai matano kila dilusheni: kwenye log −4 (yaani imezimuliwa mara 10,000) yote matano yameambukizwa, log −5 manne, log −6 moja, log −7 hakuna. Njia ya Reed na Muench ya mwaka 1938 inasema jumlisha walioambukizwa kutoka chini kwenda juu na waliopona kutoka juu kwenda chini. Kwenye log −5 unapata 5 walioambukizwa na 1 aliyepona, asilimia 83.3. Kwenye log −6 unapata 1 na 5, asilimia 16.7. Nusu iko katikati kabisa, kwa hiyo taita, yaani kiasi cha virusi vinavyoambukiza, ni log 5.5. Lakini 5.5 kwa kila 0.1 ml, maana ndo kiasi ulichochoma kwenye yai. Ongeza log 1 upate kwa mililita: 6.5. Ndo namba yako.

Hapo ndo msimamizi wako alipoteleza. Kiwango cha log 6 kinachotajwa kwa I-2 ni kwa kila kuku, kwa dozi moja, na dozi ni tone moja la jicho. Tone lina ujazo gani? Inategemea kidondoshi, wengi wanafanya kazi na mikrolita 30 hivi, 0.03 ml. Log 6.5 ni kama milioni 3.2 kwa mililita, zidisha kwa 0.03 unapata kama 95,000, yaani log 5 kwa tone. Inatakiwa milioni 1. Kuku anapata sehemu ya kumi ya anachostahili. Cha friji, log 8.3, kinatoa kama milioni 6 kwa tone, kimepita vizuri na akiba juu. Ukiona mtu anaandika taita bila kusema kwa mililita, kwa 0.1 ml au kwa dozi, mrudishie karatasi yake aandike upya. (Hakikisha pia ulizimua kichupa kwa ujazo uleule ambao mfugaji anautumia, nimeona watu wanazimua kwa mililita moja maabara wakati kijijini kinazimuliwa kwa kidondoshi kizima, halafu wanashangaa chanjo "ina nguvu" kwenye makaratasi tu.)

Najua mtu atasema lakini I-2 si ndo ile inayovumilia joto? Ndio, ndo maana ilitafutwa. Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia waliitoa mahsusi kwa ajili ya kuku wa vijijini ambako hakuna friji, ikatolewa kwa nchi zinazotaka kuitengeneza zenyewe, Tanzania na Msumbiji zikiwemo. Ikiwa imekaushwa vizuri na imekaa gizani inadumu kama wiki 8 kwenye nyuzi 28. Wiki 8, gizani, nyuzi 28. Kabati la duka lenye bati juu mwezi wa Januari ni habari nyingine, na miezi ni habari nyingine tena. Kuvumilia joto maana yake inakufa polepole, watu wanaichukulia kama vile haifi.

Tukirudi kwa msimamizi wako, hoja yake ya "shida ni mayai" usiitupe yote. Mayai ni kipimo kinachoyumba. Kwa ule mfano wa mayai matano kila dilusheni, kosa la kitakwimu (standard error) linakuja kama log 0.28, kwa hiyo ukitaka uhakika wa asilimia 95 ni karibu log 0.55 kwenda juu na kushuka chini. Yaani 6.5 yako inaweza kuwa 6 au 7. Tofauti ya log 0.3 kati ya vichupa usipigie kelele, haina maana yoyote kwa mayai matano. Tofauti ya log 1.8 ni kitu kingine, mayai hayawezi kuyumba hivyo kama yametoka chanzo kimoja na yamechomwa siku moja. Swali ninalokuuliza ni hilo hapo: je, vichupa vyote viwili ulivipima kwenye mayai ya kundi moja? Maana kuku mzazi akiwa amechanjwa mdondo anaweka kingamwili kwenye kiini cha yai na hiyo inaweza kushusha taita. Mayai safi yasiyo na magonjwa wala kingamwili ni ghali na kuyapata ni kazi, nakubali, basi angalau vichupa vyote viwe kwenye trei moja ya mayai, ili kama yana shida yapunje wote sawa.

Kuna mambo mengine mawili matatu ya mkono ambayo yanaharibu taita kimyakimya. Badilisha ncha ya pipeti kila dilusheni, KILA moja, maana ncha ikitoka kwenye log −2 imebeba virusi kwa nje na ukiizamisha kwenye −3, −4, −5 unavipeleka mpaka mwisho na taita inapanda kwa uongo. Tikisa vizuri kabla ya kuhamisha, kwa sababu virusi vinashikana mafungu na fungu la chembe ishirini likiingia kwenye yai moja linahesabika kama moja. Yai lililokufa ndani ya saa 24 litoe kwenye hesabu, hilo limeuawa na sindano au bakteria. Na usisome matokeo ya I-2 kwa kuangalia viinitete vilivyokufa! I-2 ni mpole, kiinitete kinaweza kuambukizwa na kikaendelea kucheza tu ukikimulika kwa taa, lazima uvune maji ya kila yai uyapime kwa damu. Nimemwona mtu anatupa bechi nzuri kabisa kwa sababu "mayai hayajafa".

Sasa twende kwenye kitu ambacho naona ndo kiini cha swali lako hata kama hukukiuliza hivyo. Angalia kichupa cha friji. PCR 9.3, mayai 8.3. Hata kwenye kichupa kizuri kabisa, kopi kumi za RNA zinatoa chembe moja tu ya kuambukiza. (Kwa usahihi zaidi EID50 moja ni kama 0.69 ya chembe inayoambukiza, ni hesabu ya bahati tu, maana yai likipata kwa wastani chembe 0.69 nusu ya mayai yatakosa kabisa. Tuiache.) Kwenye cha dukani uwiano umekuwa 400 kwa 1. Hizo tisa kati ya kumi kwenye kichupa kizuri ni nini?

Nyingine zimekufa tangu mwanzo, zimetoka kwenye seli zikiwa nusunusu. Nyingine zina RNA iliyokatwa vipande, na hizi zina historia nzuri: Preben von Magnus wa Denmark aligundua kwamba ukipanda mafua kwenye mayai kwa mbegu nzito, bila kuzimua, tena na tena, HA inabaki juu huku uwezo wa kuambukiza unaporomoka. Zile chembe pungufu zinajaa, na si kwamba zimekaa tu, zinaiba vifaa vya kunakili ndani ya seli na kuvikwamisha virusi vizima. Mwaka 1970 Alice Huang na David Baltimore ndo wakaja kuzipa nafasi yake rasmi kwenye elimu ya virusi. Ndo maana wakongwe wa maabara za chanjo wanasisitiza uzimue mbegu kabla ya kuchoma mayai ya uzalishaji, na ndo maana wakati mwingine dilusheni ya log −1 inaonekana dhaifu kuliko −4.

Halafu kuna zile ambazo hazina kasoro yoyote, ila bahati haikuwepo. Zimenata kwenye ukuta wa chupa, zimeingia kwenye seli zikaishia tumboni mwa kile kifuko kinachosaga taka, au zimekuta seli iliyokwisha shtuka na kujihami. Hizi huwezi kuziita mfu. Kwenye seli nyingine, siku nyingine, zingeambukiza.

Ni sawa na gunia la mbegu, kuhesabu punje hakukuambii ngapi zitaota, na hata uotaji wenyewe mbegu ileile ukiipanda kwenye udongo mwingine unapata asilimia nyingine.

Kwa virusi huo "udongo" ni seli unayotumia, na hapa I-2 ni mfano mzuri kuliko wote. Ile protini ya F inatengenezwa ikiwa kipande kimoja na haifanyi kazi mpaka ikatwe na kimeng'enya. Virusi vikali vya mdondo, vile vinavyofyeka banda zima, vina mahali pa kukatia ambapo pana tindikali amino nyingi za aina ya besi (basic) zimepangana, na mkasi wake uko karibu kila seli ya kuku, ndo maana vinasambaa mpaka kwenye ubongo. I-2 ina mahali pa kukatia penye tindikali hizo chache, inakatwa tu na vimeng'enya vya jamii ya tripsini vilivyoko kwenye njia ya hewa na utumbo wa kuku, na kwa bahati nzuri kwenye alantoisi ya yai. Sasa chukua kichupa chako cha friji cha log 8.3, mimina kwenye seli za Vero, zile za figo ya tumbili zilizotengenezwa Japani mwaka 1962, bila kuweka tripsini. Unategemea vidoa (vitobo vya seli zilizokufa, nitavieleza chini), hupati kitu. Sifuri. Je, chanjo imekufa? Hapana. Virusi vilivyotoka kwenye yai vilishakatwa F yake, vinaingia kwenye seli za kwanza vizuri, lakini watoto wanaozaliwa humo F yao haijakatwa kwa hiyo hawawezi kuhamia kwa jirani. Ukipaka kingamwili yenye rangi utaona seli moja moja zimewaka, zimetapakaa, hakuna hata moja iliyoambukiza ya pembeni. Weka tripsini kidogo, vidoa vinaanza kuonekana. Kichupa kilekile, mtu yuleyule, mkono uleule, taita kutoka sifuri hadi mamilioni.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "kuna virusi vingapi vinavyoambukiza humu?" mwulize kwanza, vinamwambukiza nani. Hiyo namba haikai kwenye kichupa peke yake. Yai, Vero, kuku wa miezi mitatu, kila mmoja atakupa yake, na hakuna aliyekosea.

Hivyo vidoa navyo, plaki, nivitaje maana kwa virusi vingi ndo kipimo kikuu. Renato Dulbecco, Mwitaliano aliyekuwa Caltech kule Marekani, mwaka 1952 alichukua seli za kiinitete cha kuku akazitandaza tabaka moja kwenye sahani, akaweka virusi vya homa ya ubongo ya farasi, akafunika kwa agari (kitu kama jeli) ili virusi visiogelee mbali. Kila kirusi kilichofanikiwa kikaua seli za jirani tu, pakabaki kitobo cha kuonekana kwa macho. Kilichowavutia watu ni mstari: ukizimua mara mbili, vidoa vinapungua nusu, mstari ulionyooka kabisa. Ingekuwa kila kidoa kinahitaji virusi viwili kwa pamoja, ukizimua nusu vidoa vingebaki robo. Hiyo ndo iliyothibitisha kwa virusi vya wanyama kwamba kimoja kinatosha. Kimoja kinatosha, lakini si kila kimoja kinaweza, watu wanachanganya haya mawili.

Na uwiano wa chembe zote kwa zinazotoa vidoa unatofautiana balaa. Semliki Forest, kirusi kilichopatikana kwenye mbu wa msitu wa Semliki kule Uganda mwaka 1942, kinakaribia 1 au 2 kwa 1, karibu kila chembe inafanya kazi. Mafua ni kama 20 hadi 50. Polio kuanzia 30 mpaka 1,000. Tetekuwanga kwenye seli za maabara inafika 40,000 kwa 1, kwa hiyo kwa kirusi hicho PCR na plaki ni kama vinaongelea vitu viwili tofauti. Kwa hiyo uwiano wako wa 10 kwa 1 kwenye kichupa cha friji si kasoro, ni mzuri.

Sasa korona. Ndio, ni jambo lilelile. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Ujerumani lilifuatilia wagonjwa 9 wa mwanzo kabisa wa Munich, wakapima kwa PCR na hapohapo wakajaribu kuotesha virusi kwenye seli. PCR iliendelea kuona RNA nyingi tu kwenye koo na makohozi, lakini baada ya siku ya 8 tangu dalili kuanza hakuna sampuli iliyootesha kirusi kizima. Na sampuli zenye kopi chini ya milioni 1 hivi kwa mililita hazikuotesha. Zile RNA za wiki ya tatu na ya nne ni mabaki, seli zilizokufa zinapukutika na mzigo wake. Watu wamekosa ndege, wamezuiwa mipakani, wamefungiwa hotelini kwa gharama zao, kwa sababu ya mabaki. Ila sitaki uende upande wa pili ukasema PCR haina maana. Kirusi kutoota kwenye Vero hakuthibitishi asilimia mia kwamba hakiwezi kumwambukiza mtu, si tumeona hapo juu I-2 inavyogoma kwenye Vero na iko hai? Halafu kuotesha korona kunataka maabara ya usalama ngazi ya 3 na siku kadhaa za kusubiri, wakati mgonjwa yuko dirishani anataka jibu leo. PCR ilikuwa chombo sahihi cha kujua nani ameambukizwa. Kujua nani bado anaambukiza wengine ilikuwa kazi ambayo haikutengenezewa.

Kuna njia za kuisogeza PCR karibu na ukweli wa mayai, na kwa tasnifu yako zinafaa kujaribiwa. Moja, tibu sampuli kwa RNase (kimeng'enya kinachokata RNA) kabla ya kufungua virusi, inakula RNA inayoelea nje na kuacha iliyo ndani ya ganda zima. Nyingine, ile rangi ya PMA, inapenya kwenye maganda yaliyopasuka tu, ukiiwashia taa inang'ang'ania RNA na PCR haiwezi kuisoma tena. Nyingine, tumia praima zinazoshika kipande kirefu, herufi elfu kadhaa badala ya mia, uzi uliokatika hautatoa kitu. Zote zinapunguza ile pengo la 400, hakuna inayolifuta, kwa sababu kirusi chenye ganda zima na RNA nzima lakini F iliyolegezwa na joto kitapita mitihani yote hii na bado hakitaambukiza hata yai moja.

Kwa hiyo kwenye ripoti andika hivi. Weka PCR, HA na EID50 kwenye jedwali moja, kila moja na kipimo chake, na EID50 iandike mara mbili, kwa mililita na kwa tone, ukitaja ujazo wa tone uliopima mwenyewe: dondosha matone 100 kwenye mizani, usikopi mikrolita 30 zangu. Weka safu ya uwiano wa kopi kwa EID50, 10 kwa cha friji na 400 kwa cha dukani, hiyo ndo itakayomshawishi msimamizi wako kuliko maneno, maana inaonyesha RNA imebaki na uhai umeondoka. Na kabla hujampelekea rudia kichupa cha dukani, si kilekile, chukua vingine viwili vitatu kutoka kabati lilelile, maana kichupa kimoja kinaweza kuwa kilikuwa na kizibo kilicholegea tu. Ongeza mayai yawe kumi kila dilusheni hapo katikati, kwenye −5 na −6, hizo za pembeni za −3 na −8 tatu tatu zinatosha, hivyo mayai ni karibu yaleyale na taita inatulia zaidi. Ila ukifanya hivyo Reed na Muench itakusumbua kwa kuwa idadi hazilingani, omba mtu wa takwimu akufanyie probiti, hesabu isiyosumbuliwa na idadi zinazotofautiana.